Buku (vitabu) nne ambazo watu wa Lubum (Lubumbashi, Kongo) wanaziita "ya maisha yangu": uanze na gani?

Jumamosi mbili zilizopita tulikuwa kwenye barza ya shemeji yangu kule Katuba, bukari (ugali) imeisha, sombe (majani ya muhogo) imebaki kidogo kwenye sahani na kila mtu anaiangalia ila hakuna anayetaka kuonekana mroho, njo binti wa jirani, anamaliza mwaka wa sita wa sekondari, akauliza: "Bapapa na bamama, mtu akiwa na franga za buku moja tu, anunue gani?" Eh! Tulitoka pale saa nne za usiku. Kila mtu ana buku yake ya siku zote, kila mtu anaitetea kama mtoto wake aliyekamatwa na polisi, na yule binti masikini amekaa na daftari yake hajui aandike jina la nani.

Donke naandika hii kwa ajili yake, na kwa wengine wanaokwama hapohapo. Sitasema ipi inapita zingine. Hizi buku nne nimezisoma zote, tatu zaidi ya mara moja, na kitu nilichoona ni kwamba mtu akikwambia "hii njo buku ya maisha yangu", muulize tu alikuwa na miaka mingapi na nani alikuwa nyumbani siku zile. Atakueleza hiyo kabla hata ya kukueleza hadithi.

Basi vitu vya kuangalia, nitavipitia kimoja kimoja kwa zote nne: lugha yake, pumzi inayotaka (ufupi sio wepesi, tutaona), inakugusa wapi, inasomeka kwa sauti mbele ya watu ao hapana, ukiirudia inakupa nini, na mwisho namna ya kuipata hapa Lubum bila kulia.

Hizo nne zenyewe

Ya kwanza ni ile ya Okonkwo, ya Chinua Achebe wa Nigeria. Ilitoka 1958 kwa Kiingereza, sisi wengi wa huku tumeijua kwa Kifaransa, Le monde s'effondre, lakini iko na ya Kiswahili pia, Shujaa Okonkwo, aliyotafsiri Clement Ndulute mwaka 1973. Mtetezi wake ni yaya wangu (kaka mkubwa) anayeendesha lori la Dar, yule Kasumbalesa, mpaka wa Zambia, anaijua kuliko chumba chake.

Ya pili ni Une si longue lettre, ya Mariama Bâ wa Senegal, 1979, mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Noma, ile ya buku za Afrika. Kiswahili chake kinaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Mtetezi ni mama mmoja muuza vitenge, mjane.

Ya tatu, Entre les eaux ya V. Y. Mudimbe, 1973. Huyu ni wa kwetu kabisa, alizaliwa Likasi 1941 wakati inaitwa bado Jadotville, akafundisha hapa kwenye universite ya Lubumbashi, kisha akaenda Marekani na amekufa huko 2025. Anayeitetea ni papa (mzee) mmoja aliyepita seminari akatoka bila upadri.

Ya nne ni Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubum, kazaliwa 1981, sasa anaishi Graz, Austria. Ilitoka Paris 2014 na tangu hapo imezunguka dunia kuliko mimi na wewe. Mtetezi: kijana wa UNILU, hiyohiyo universite ya Lubumbashi, ambaye hanyamazi.

Kulikuwa na mama mwingine aliyesema Biblia. Tukamwambia Biblia tusiihesabu, akanuna kidogo, na kusema kweli ana haki yake, manyumba mengi hapa njo buku pekee iliyosomwa mpaka imelegea mgongo, tena kwa Kiswahili. Lakini kuishindanisha na riwaya, hapana, tuiache mahali pake.

Lugha

Hapa watu wanadanganyanaka sana. Mtu anasema "nasoma Kifaransa bila shida" halafu buku inakaa kwenye ukurasa wa 12 toka Pasaka mpaka Noeli.

Achebe kwa Kifaransa ni rahisi, sentensi zinatembea kama mtu mwenye afya, na kwa Kiswahili pia inaenda vizuri, shida ni kwamba ni Kiswahili bora, cha Tanzania, kile cha wenzetu wanaosema ugali pale sisi tunasema bukari na shule pale tunasema masomo. Siku mbili za kwanza utaona kama unasikiliza redio ya mbali. Ya tatu masikio yanafunguka. Barua nayo ni vilevile kwa Kiswahili, ila kwa Kifaransa Mariama Bâ anaandika kama mwalimu, na alikuwa mwalimu kweli, kuna maneno ya juu juu lakini ukiruka mawili matatu hupotei.

Mudimbe hana huruma. Kifaransa cha mtu aliyesoma na mapadri, Kilatini kinapita katikati bila kubisha hodi, na kama hujui vitu vya kanisa na vya Marx utasimama mara nyingi kuuliza. Tram 83 ni kinyume chake na ni ngumu vilevile: maneno unayajua, ya baa, ya mtaani, ya mgodini, sema yanakuja yote kwa mara moja, orodha ndefu za watu na vitu mpaka unasahau sentensi ilianzia wapi. Kiswahili cha hizi mbili sijawahi kukiona mkononi kwa mtu.

Pumzi

Zote nne hakuna hata moja ya kutisha kwa unene, lakini Okonkwo ana sura 25 fupi fupi, unasoma moja wakati maharagwe yanaiva, unaiweka, kesho unaendelea na hujapoteza kitu. Barua ni ya mwisho wa juma mmoja, na uzuri wake unaonekana ukiimaliza haraka, kwa sababu ni mwanamke mmoja anaongea, ukimkata kata unapoteza sauti yake.

Entre les eaux ni ndogo mkononi, nzito kichwani. Ule papa wa seminari alisema anasomaka kurasa tano kwa siku kisha anakaa. Nilimcheka. Nilipoianza mimi nilifika nne.

Tram 83 inataka kitu kingine: usibishane nayo. Kurasa 30 za kwanza utaona kama umepanda treni imejaa na hakuna anayekwambia inaenda wapi. Ukiacha kutafuta kiti, unafurahi. Ukiendelea kutafuta kiti utashuka njiani, na watu wengi wameshuka, wala sio aibu.

Inakugusa wapi

Hapa njo pa kukaa muda mrefu, maana hapa ndipo watu karibu wapigane.

Okonkwo ni mtu mwenye nguvu anayeogopa kitu kimoja: asifanane na baba yake. Baba, Unoka, alipenda filimbi na kukopa, alikufa na madeni ya watu. Basi mtoto amejenga maisha yote kwenye hofu hiyo, mashamba, wake, vyeo, mpaka anafanya vitu ambavyo moyo wake mwenyewe unavikataa, ile ya kijana Ikemefuna sitaimaliza hapa kwa ambao hawajasoma. Kisha wazungu wanafika, na kijiji kinapasuka. Kwa masomo walitufundisha hiyo sehemu ya wazungu tu. Yaya wangu yeye anaisoma kwa ile ya kwanza, anasema nusu ya madreva anaowajua wanakimbia baba zao, barabara ni kisingizio.

Barua: Ramatoulaye amefiwa na mume wake Modou, yuko ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, anamuandikia rafiki yake Aïssatou. Huyo mume alikuwa ameshamuacha na watoto 12, miaka mitano kabla, kwa kuoa Binetou, rafiki wa binti yao wenyewe, msichana aliyekuwa anakuja kusoma masomo nyumbani kwao. Na baada ya msiba, yaya wa Modou, Tamsir, anafika na ujasiri wake kusema atamrithi mjane. Majibu anayopewa, weee. Mama wa vitenge alipofika hapo alisimama kabisa kwenye barza. Alituambia siku ya matanga ya mume wake, watu bado wanalia, aliingia ndani kuchukua leso akamkuta ndugu mmoja wa mume anapima friji kwa kamba. Kwa kamba! Aone kama itapita mlangoni. Alikuwa ameshaisoma Barua miaka mingi nyuma, akiwa msichana, na anasema siku ile hakushangaa, alikuwa kama mtu anayekutana na Tamsir aliyemuona kwanza ndani ya buku.

Lakini ajabu ni kwamba sehemu anayoipenda sio ya Tamsir. Ni gari. Aïssatou, ambaye naye ndoa yake ilivunjika na akaondoka na watoto wake wanne, akasoma, akapata kazi ya ambasade, anasikia kwamba mwenzake anasukumana kwenye bisi na watoto, anamnunulia Fiat 125. Hakuna maneno mengi. "Watu wanasema ni buku ya mume mbaya," mama akasema, "mimi nasema ni buku ya rafiki." Nimeirudia baada ya hapo na naona ana haki.

Mudimbe anagusa mahali pa siri. Pierre Landu, padri Mukongomani, kasomea Roma, anaona kanisa lake limekaa upande wa matajiri, anaenda msituni kwa wapiganaji. Kule msituni hawamuamini kwa sababu ni padri, huku nyuma mapadri wanamuona msaliti. Na yeye mwenyewe, hilo njo kali, hana uhakika kama aliondoka kwa ajili ya maskini ao kwa ajili ya kiburi chake. Kama umewahi kutoka mahali, kanisa, ndoa, kazi ya nchi ya mbali, familia iliyokulipia masomo, na huko ulikofika bado unaitwa mgeni, itakukamata. Kama hujawahi, utaona mtu anajiuliza maswali kurasa zaidi ya mia. Papa wa seminari hakubishana na mtu usiku ule. Alisema tu, "Ninyi mnasoma, mimi nilikuwa mule," akaomba maji.

Na Tram 83: Lucien ni mwandishi mwenye adabu nyingi, rafiki yake Requiem ni mjanja wa kila biashara, mji wenyewe hauna jina halisi, una migodi, una gare (stesheni ya treni) iliyobaki chuma chuma, una wachimbaji, wanafunzi wa migomo, wazungu wa kutafuta faida, na baa moja ambapo wote wanamalizia. Kila mazungumzo yanakatwa na wasichana wanaouliza saa ngapi, unasoma maneno ya maana kabisa ya wakubwa wawili, paf, saa ngapi, na baada ya kurasa hamsini unaanza kuyasubiri. Kijana wa UNILU anasema ni sisi kabisa. Shemeji yangu anasema ni matusi. Mimi nasema ukitoka kuisoma ukapita kati ya mji Ijumaa jioni, masikio yako yamebadilika, na ndiyo, kuna vitu vya watu wazima ndani, vingi, usimpe mtoto wa miaka 13 kwa sababu tu mwandishi ni wa kwetu.

Kwa sauti

Tumejaribu zote, kwa sababu sisi tunakutanaka hivyo, mmoja anasoma wengine wanasikiliza. Okonkwo inafaa na watoto wakiwepo, mithali zake zinaelewekaka hata na bibi asiyejua kusoma, anaitikia na yake. Tram 83 ukiisoma kwa sauti inageuka muziki, zile orodha zilizokuchosha kwa macho zinakuwa ngoma, kijana alisimama akazisoma kama anatangaza mechi na tukacheka mpaka jirani akachungulia. Barua inasomeka, lakini sauti inashuka yenyewe, ni ya watu wawili watatu. Entre les eaux tuliijaribu siku moja ya mvua, wawili walilala. Ile isome peke yako, mlango umefungwa.

Kuirudia

Okonkwo ukiwa na miaka 16 unamshangilia, ukiwa na 40 unamuonea huruma, na unaanza kumuangalia binti yake Ezinma zaidi. Barua inageuka kadiri na wewe unavyofiwa. Mudimbe mara ya pili inakuwa fupi, sijui kwa nini, labda kwa sababu mara ya kwanza unapigana na maneno. Tram 83 hauirudii yote, unafungua popote unasoma kurasa tatu kama mtu anayepita baa kusalimia.

Kuipata

Za Kifaransa zinapatikanaka kwa wauza buku wa chini, wale wanaotandaza turubai mjini, na hapo nina la kueleza.

Le monde s'effondre yangu niliinunua hivyo, haina ganda, mwenye nayo wa zamani kaifunika na karatasi ya gunia la simiti, kaishona na uzi mweusi. Nilifurahi, nikafika nyumbani, nikaanza. Inaanza na Unoka, mvivu, filimbi, madeni, mkopeshaji anakuja kudai. Nikaipenda kwa sababu hiyohiyo, nyumbani kwetu wakati ule kulikuwa na baba ambaye kazi ya mgodi ilikuwa imeisha kwa siku moja na wadai walikuwa wanakaa kwenye barza yetu kama wageni. Miaka sita nikawa naamini hivyo njo buku inavyoanza. Kisha yaya akaniletea Shujaa Okonkwo kutoka Dar, nafungua ukurasa wa kwanza: mieleka! Kijana wa miaka 18 anamuangusha Amalinze, yule aliyeitwa Paka kwa sababu mgongo wake haukuguswaka na udongo. Karatasi ya kwanza ya buku yangu ilikuwa imekatika, na mshonaji alishona vizuri mno, haikuonekana. Wenzangu wote walikuwa wamesoma buku ya mtu wa nguvu. Mimi nilikuwa nimesoma buku ya mtoto anayemuonea haya baba.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua mwanzo, katikati na mwisho, angalia namba za kurasa kama zinafuatana, usidanganywe na ganda zuri. Achebe na Mariama Bâ utazikuta mara nyingi kwa sababu zimefundishwa kwa masomo sana. Mudimbe anapatikana zaidi kwa watu wa universite, omba kuazima, na urudishe. Tram 83 ya mtumba ni adimu, ikitokea usibishane bei mpaka jioni, utarudi haipo. Uliza pia mediateki (maktaba) ya Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, usikie wana nini, kabla ya kutoa franga. Za Kiswahili, mtafute mtu wa lori ao mfanyabiashara anayeendaka Dar, mpe jina limeandikwa kwenye karatasi, ukimwambia kwa mdomo atakuletea ya mapishi. Kuna wanaozungusha pidiefu kwenye watsapu, kila mtu na roho yake, mimi macho yangu hayawezi, na sentensi za Tram 83 kwenye kioo kidogo ni adhabu.

Sasa kulingana na hali yako

Kama haujasoma riwaya toka utoke masomo na unaogopa kushindwa njiani, Okonkwo, kwa lugha unayochekea. Sio unayoombea kazi, unayochekea.

Kama una jioni mbili tu na nyumba imetulia, Barua. Ila kama msiba ni wa mwezi huu, subiri. Mama wa vitenge mwenyewe alisema, alijaribu kuirudia wiki ya pili akaifunga, akaja kuifungua mwaka mwingine. Na mwanaume ukipewa usiseme ni ya wanawake, Tamsir hajioni kuwa Tamsir.

Uko katikati ya kuondoka mahali, ao umeshaondoka na hulali vizuri: Mudimbe, kurasa chache chache. Usimpe mtu kama zawadi ya harusi (imefanyika, nimeona).

Unaandika, unaimba, unafanya teatre, ao umechoka na buku zinazoongea kama mwalimu wa moral: Tram 83. Vilevile kama uko mbali na Lubum na unaikosa, ingawa hautaikuta kwa jina.

Mko kikundi na buku ni moja tu, Okonkwo ao Tram 83, muangalie kama watoto wako karibu.

Na yule binti wa jirani? Ana miaka 18, mama yake ni mjane, Kifaransa chake ni kizuri, hana haraka. Nilimwambia anunue Barua, Okonkwo nitamuazima ile ya Kiswahili. Ya gunia la simiti asiiombe. Ile haitokaka nyumbani.